Mzinga Pembeni

Siku mwenzake Twiga alipobaki ndani, Kisoda, dereva wa kifaru cha vita, alikuwa akisukuma kwa mabega kifuniko cha mlango wake mdogo. Moshi ulishajaa. Kifuniko hakikufunguka, mzinga ulikuwa umekilalia.

Kilikuwa kifaru kifupi, kimeundwa makusudi kijifiche nyuma ya kichuguu, adui akose cha kulenga. Lakini waliokaa ndani ndio walioulipia ufupi huo. Mmoja akipiga chafya, mwenzake anajifuta uso.

"Wewe Kisoda walikupima kwanza, ndipo wakakiunda," Twiga, mpiga mzinga, alizoea kumtania, magoti yakiwa karibu na masikio.

"Jikunje, bwana. Nani alikutuma urefuke?"

Siku ile kombora lilipowapata, umeme ulizimika. Kamanda akatoka kwa mlango wa juu. Wa pili kutoka alipaswa kuwa Twiga. Badala yake, Kisoda akasikia gurudumu la mkono, lile la kugeuzia mzinga umeme ukikatika, likikwaruza, zito, taratibu, na kichwa cha kifaru kikigeuka pamoja na mzinga wake. Kifuniko kikaachia. Akatoka, akapanda juu kumvuta mwenzake. Moto ulimtangulia.

Mara tatu alifika mlangoni kwa mjane wa Twiga akarudi. Mara ya nne mjane mwenyewe alikuwa uani, akianika suruali ndefu ambazo hazikuwa na wa kuzivaa.

"Karibu, shemeji. Nimezifua tu. Zilikuwa zinashika vumbi."

Akamwekea chai. Kisha, bila kumtazama: "Wakubwa waliniambia alikufa palepale. Hakujua kitu. Ni kweli?"

Kisoda alitazama kikombe. Neno moja tu, "kweli," lingetosha, naye angelala.

"Si kweli, shemeji."

Akamweleza yote: kifuniko, mzinga, lile gurudumu.

Mjane alichukua kibanio cha nguo, akakibana kwenye kamba pasipo na nguo.

"Kwa hiyo nafasi ya kutoka alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo."

"Mlango ulikuwa juu ya kichwa chake."

"Ndiyo."

"Kunywa chai, inapoa," alisema, akaingia ndani. Hakutoka tena. Kisoda aliimaliza chai peke yake, suruali zikimgusagusa bega.

Siku hizi haendeshi, yuko karakana. Vifaru vipya ni virefu, mtu ananyoosha miguu. Jioni, wenzake wakishaondoka, hupanda kimoja baada ya kingine, akazungusha gurudumu kwa mkono, na kuiacha mizinga yote imeelekea pembeni, mbali na kifuniko cha dereva.