Malisho ya Juu

"Wa kwako ni yupi, mzee?" mlinzi aliuliza kwa mara ya pili, na safari hii aliinuka kitini.

"Humu sina," Mayunga alijibu, macho yake yakiwa kwenye milango ya madarasa. "Bado."

Jibu hilo halikumtuliza mlinzi, Mfipa mmoja aitwaye Clemens. Mtu mzima, mgeni, amejitanda shuka la wafugaji na kuegemea fimbo kwenye lango la shule ya msingi, akingoja watoto wasio wake! "Kama unamtafutia mtoto nafasi, ofisi ya mwalimu mkuu ni ile pale. Ingia, utaelezwa."

"Nikimuuliza mwenye shamba kama majani yake ni mazuri, ataniambia nini?"

"Kumbe shule yetu ni majani!" Clemens alicheka, akarudi kukaa. "Haya, Msukuma. Ngoja ng'ombe wako watoke."

Hakujua jinsi alivyoukaribia ukweli. Kule bondeni, kwenye Ziwa Rukwa, upande wa Kaoze, Mayunga hakuwahi kuyapima malisho kwa kutazama nyasi. Alisimama mlangoni mwa zizi jioni, akatazama mifugo inavyorudi. Ng'ombe aliyeshiba huja taratibu, ubavu wake wa kushoto umetuna. Akifika hujilaza na kucheua. Aliyeshinda penye ukame huja mbio, analia, anawasukuma wenzake. Kwa njia hiyo hiyo aliamua kuzilinganisha shule mbili: ile ya kijijini kwake na hii ya juu, mjini Sumbawanga, alikoambiwa amlete binti yake, Minza.

Aliyemwambia ni Mwalimu Nestory, ambaye kule bondeni alifundisha madarasa matatu peke yake. Kila siku wenzake walipotawanyika, Minza alibaki mlangoni akimwandama mwalimu kwa maswali. Jioni moja mwalimu alikuja hadi zizini, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Mzee, huyu nimempa chote nilichokuwa nacho. Mpeleke juu."

Mahali pa kulala palikuwa pameshapatikana. Mbonile, mfanyabiashara kutoka Mbeya aliyekuwa akinunua mafahali wake, alikubali kumweka Minza pamoja na mabinti zake nyumbani kwake Majengo. "Matokeo ya wilaya yametoka, shemeji," alimtania jana yake, Mayunga na Minza walipowasili. "Shule yenu imeshika mkia."

"Kwetu mkia si tusi," Mayunga alijibu, na Atusaye, mke wa Mbonile, akacheka hadi akamwaga chai.

Lakini Mayunga hakuwaambia alichokuwa akikitamani. Tangu mama yake Minza afariki, asubuhi zake zote zilianza kwa namna moja: yeye amechuchumaa upande huu wa ng'ombe akikamua, Minza upande wa pili akimzuia ndama, na kati yao mgongo wa mnyama. Waliongea bila kuonana. Alitamani shule ya juu iwe mbaya. Alitamani watoto watoke mbio.

Kengele ililia, nao wakatoka mbio.

Walimwagika kama maji yaliyovunja tuta, sketi za bluu, vumbi la Julai, vifua vikigongana langoni. Mayunga alibanwa ukutani, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa wiki nzima. Wana njaa, alijiambia. Wana njaa, hawa.

Uwanja ukatulia. Aliokota fimbo yake iliyoanguka ili aondoke. Hapo ndipo alipowaona wasichana wawili wameketi kwenye ngazi ya darasa la mwisho, mmoja akichora mchangani kwa kijiti.

"Mito yote inaingia ziwani," alisema yule mwenye kijiti. "Sasa niambie mto unaotoka."

"Hakuna."

"Basi ziwa lingejaa hadi huku!"

"Jua linayanywa maji, wewe! Ndiyo maana inabaki chumvi."

Mayunga alisimama. Mifugo yake alikuwa akiinywesha maji ya Ziwa Rukwa tangu ujana. Mwaka uliopita Minza alimuuliza swali hilo hilo, na yeye akamwambia aangalie ndama.

Mwalimu mmoja mwanamke alitoka na mkoba begani, tayari kwenda kwake. Alisita, akatua mkoba chini, akachuchumaa karibu na mchoro.

"Hao nawafukuza kila siku," Clemens alinong'ona. "Hawataki kwenda kwao."

Mayunga aliwatazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa ng'ombe anayecheua.

Alipofika Majengo, Minza alikuwa uani akichambua maharage na Atusaye. Aliinua uso. "Shikamoo, baba. Wanatokaje?"

"Wanakimbia," Mayunga alisema.

Vidole vya mtoto vikasimama. Alilelewa zizini, hakuhitaji kufafanuliwa. Alitazama maharage, akatikisa kichwa kama mtu mzima aliyepokea habari ya msiba, akaendelea kuchambua. Utii ule ndio uliomshinda baba yake.

"Wengine wanabaki," aliongeza. "Wanafukuzwa, hawatoki."

Minza aliinamisha uso haraka. Alitaka kumficha baba furaha yake, asimuumize. Na jitihada hiyo ilimuuma Mayunga zaidi.

Kesho yake asubuhi basi la kurudi bondeni lilisimama kwenye ukingo wa mteremko wa bonde ili dereva akague breki. Abiria walishuka kujinyoosha. Chini, ziwa lilikuwa utepe mweupe. Nyuma, uwanda wa Ufipa ulinyooka bila mti, baridi, hadi upeo wa macho. Mayunga alisogea pembeni, akaligeuzia bonde mgongo, uso ukielekea alikomwacha Minza, akapiga mluzi mrefu wa kupanda na kushuka, ule wa kuita mifugo irudi zizini.

"Ng'ombe gani hao, mzee?" kondakta alimcheka. "Twende, baba, tunakuacha!"

Mayunga aliinua mkono, kama anayeomba wenzake wanyamaze kidogo, akaendelea kutega sikio kule juu, ambako upepo ulikuwa ukizilaza nyasi na kuziinua.