Timazi Katika Nyumba ya Mwali

Bwana Mdachi alipita nyumba kwa nyumba, kipimajoto mkononi, kama mnunuzi wa mbuzi akaguaye meno. Nyumba nyingi alizitoka akitikisa kichwa. Katika nyumba ya mama mmoja aitwaye Pili alikaa mpaka chombo kikatulia, akatoka anatabasamu.

"Ndani mna mwali," Pili alimwambia Andrea, mkalimani, kijana wa misheni. "Binti yangu Chausiku. Hajaliona jua tangu mavuno yaliyopita, wala hataliona mpaka siku ya ngoma yake. Mwambie."

Andrea akamwambia. Mzungu akajibu kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Pili.

"Anasema ndiyo maana inafaa, mama. Ina giza na kuta nene, joto lake halipandi wala halishuki. Ana timazi ya shaba. Ataiacha ibembee, ahesabu mibembeo yake kwa saa anayoirekebisha kwa nyota, ndipo ajue dunia inavuta kwa nguvu gani hapa Uluguru. Shaba ikipata joto inarefuka, namba inaharibika."

"Namba yenyewe ya nini?"

"Wataalamu wa nyota wa kwao wanaitaka. Kwayo wanapima uzito wa dunia, kisha wa mwezi na jua."

"Wapime jua kwa kumtoa mwanangu juani?"

Hilo Andrea hakulifasiri. Pili akamgeukia kaka yake, Maneno, ambaye Wadachi walikuwa wamemfanya jumbe.

"Kaka, yule ni mpwa wako."

"Na kilemba hiki ni changu," Maneno akasema. "Mtoe, dada."

Wakamtoa mchana kweupe, kagubikwa shuka, wapagazi wa Mzungu wakipiga miluzi. Pili akamficha chini ya kichanja cha mahindi, akakizungushia mikeka. Kungwi alikuja, akachungulia, akaguna.

"Akirudi ndani upesi, kabla upande wa mume hawajasikia, ngoma itachezwa. Wakisikia, basi."

Upande wa mume ulikuwa karibu mno. Salum, aliyemposa Chausiku, alikuwa bondeni akilima shamba la ukweni kama ilivyo desturi. Kijana wa adabu: akimwona Pili njiani aliinamisha macho na kujitosa majanini mpaka mkwe apite. Mkwe haonwi ovyo, wala haoni ovyo.

Amri ikatoka: asipite mtu karibu na nyumba ile, asitwange mtu. Ardhi ikitetemeka, timazi inapoteza mwendo.

Kwa Pili amri hiyo ilikuwa kama kuonyeshwa mlango wa kutokea. Namba ikikataa, Mzungu atakwenda kwingine. Akabeba kinu chake mpaka nyuma ya nyumba, akatwanga. Kinu kilikuwa kitupu. Alitwanga kwa mikono miwili, mti juu ya mti, mpaka kifua kikamuuma.

Mzungu akatoka. Hakukasirika. Alimsemesha Andrea kidogo, akarudi kwenye chombo chake. Askari wake akakunjua kiboko.

"Sheria ya Serikali haimchapi mwanamke," Andrea akasema. "Mwanamume wako ni nani?"

"Nimefiwa."

Askari akamtazama Maneno. Maneno akanyoosha kidole bondeni, upesi, kabla hajaulizwa.

"Yupo mkwe wake."

Wakamleta Salum, jembe bado mkononi. Wakamvua nguo zote, wakamlaza kando ya kinu. Kiboko kikashuka. Sauti ikatoka ndani ya nyumba.

"Timazi imetikisika," Andrea akafasiri. "Msogezeni mbali."

Wakamburuta mpaka kwenye migomba, wakampiga tena. Sauti ikatoka tena.

"Mbali zaidi."

Wakashuka naye, wakimpiga na kusikiliza, wakimpiga na kusikiliza, mpaka wakavuka kijito. Hapo kiboko kilishuka na nyumba ikanyamaza. Andrea akasimama ukingoni, macho yake majini.

"Hapo panafaa. Bwana alisema mkifika pasipotikisa ndipo mwanze kuhesabu viboko."

Pili, waliyemshurutisha kuwafuata, alikuwa amejifunika uso kwa nguo. Askari akaivuta.

"Tazama, mama. Kazi yako hii."

Akaona mgongo, akaona na yote ambayo mama mkwe haoni. Salum alikuwa ameuma meno muda wote huo. Alipogeuza shingo na macho yao yakakutana, ndipo akalia.

Walipomwachia alijifunga nguo yake, akaokota jembe, akateremka njia ya kwao. Hakuna aliyemwita. Mwanamume aliyeonwa vile na mkwe wake hana tena mkwe, na hilo hata mtoto wa Kiluguru analijua.

Pili akarudi kwenye kichanja. Sauti ya Chausiku ikatoka nyuma ya mikeka.

"Mama, walikuwa wanampiga nani?"

"Mpagazi. Si mtu wetu."

"Mzungu amemaliza?"

"Bado."

"Akimaliza nitarudi ndani? Ngoma yangu ipo?"

Pili akakaa chini, polepole, asiitikise ardhi.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Dunia inapimwa."