Wageni Wawili Kwenye Kompyuta ya Dafroza

Dafroza Magige hajawahi kumpokea mtu bila kumhoji, na asikudanganye mtu pale Nyamuswa kwamba amewahi. Ukiingia kwenye steshenari yake kutoa kopi ya cheti, utatoa na ukoo wako. Wewe ni wa kwa nani? Umetokea wapi? Nani kakuleta? Umefuata nini? Kuna watu wanapandaga gari mpaka Bunda mjini kutoa kopi ya ukurasa mmoja, alimradi tu wasihojiwe. Yeye hana habari nao. Maswali hayo aliyarithi kwa baba yake, mzee Magige wa Buswahili, aliyekuwa akiyauliza akiwa amesimama kwenye lango la zizi, fimbo kwapani, na kigoda hukipati mpaka uyajibu yote.

Mzee hayupo sasa. Kilichobaki ni sauti yake, na sauti yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta ya dukani, hapo tu, kwingine hakuna. Simu iliyoirekodi ilizama ziwani kule Murangi, siku Dafroza alipoinama kuchagua sato mtumbwini. Kutengeneza kopi ya pili alikuwa akisema kesho, kesho, kama tunavyosemaga wote.

Basi Jumatatu hiyo asubuhi kawasha kompyuta, hata chai hajanywa, likatokea dirisha la antivairasi katikati ya kioo. Programu mbili ngeni zilikuwa zinaomba ruhusa ya kufanya kazi ndani ya mashine. Ruhusu, au kataa.

"Mungu wangu!" Akaondoa mkono kwenye mausi kama aliyegusa sufuria ya moto.

Na alikuwa na haki ya kuogopa. Mwezi uliopita Yasmin, mwenye duka kama hilo huko Bunda, alibonyeza ruhusu bila kuangalia. Kufumba na kufumbua, mafaili yake yote yakafungwa kwa namba ya siri asiyoijua, hadi picha za harusi za watu, na mpaka leo hayajafunguka. Dafroza akawaza sauti ya baba yake ikifungwa namna hiyo.

Mle dukani alikuwemo Pelagia, katibu wa kwaya, aliyefuata kadi za mwaliko wa tamasha lao. Kadi zilikuwa bado, kwa sababu printa mpya iliyofungwa Jumamosi haijatoa hata karatasi moja.

"Zinaitwaje hizo programu?" Pelagia akauliza, shingo kainyoosha juu ya kaunta.

Ya kwanza ilikuwa na jina la ajabu: herufi, namba, herufi tena, utadhani kuku kapita juu ya kibodi. Ya pili ilikuwa na jina safi la Kiingereza, jina la huduma ya mfumo wenyewe wa kompyuta, na nembo ya bluu pembeni.

"Sasa hapo kuna kazi gani?" Pelagia akasema. "Huyo wa kuku mkatae. Huyo mwenye jina lake mruhusu, ni mwenyeji huyo. Halafu unichapie kadi zangu, Mama Sara, wanakwaya wataninyonga."

Dafroza akampigia simu Jabiri, fundi wake wa kompyuta kule Musoma.

"Zima intaneti kwanza, dada," Jabiri akasema, honi za bodaboda zikilia nyuma yake. "Na flashi usichomeke, kama kuna mdudu atahamia humo. Ila mimi na huku mbali siwezi kukwambia yupi mzuri yupi mbaya. Ningekuwa mimi, ningekataa zote mbili."

Dafroza akaizima intaneti. "Na kama moja ndiyo ya printa?"

"Printa italala."

"Na nikiruhusu iliyo mbaya?"

"Utakuwa kama Yasmin."

Hapo Dafroza akachemka. Watu wazima wawili, mmoja anamwambia atazame jina tu, mwingine anamwambia afungie mlango kila mtu! Kwao Buswahili hawakuishi hivyo. Akamkumbuka mtu mmoja aliyefika jioni, yeye akiwa bado msichana. Shati jeupe, salamu zimenyooka, akajitambulisha kuwa ni wa kwa Wambura, wale wa ng'ambo ya barabara. Jina zuri, nyumba inajulikana. Mzee Magige akamwuliza katokea wapi, kumbe katokea nyuma ya zizi, kwenye vichaka. "Watu wa kwa Wambura wanakujaga kwa njia ya barabarani," mzee akasema, na akampa maji ayanywe hapo hapo nje, amesimama. Kesho yake jirani alikuwa analilia ng'ombe wake walioibwa usiku.

"Jabiri," Dafroza akasema, "hizi programu zinalala wapi?"

"Kulala?"

"Zinakaa wapi! Hazina kwao?"

Jabiri akacheka. "Zina kwao, dada. Bofya jina kwa kitufe cha kulia, uchague kufungua mahali faili lilipo. Ukitazama na sifa zake utaona imesainiwa na nani, na imeingia siku gani."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini kuniambia?"

"Hukuniuliza."

Dafroza akavuta kiti, akakaa wima. Akaanza na yule wa kuku.

"Haya wewe, ni wa kwa nani?"

Pelagia akajiziba mdomo asicheke. Lakini majibu yalikuja, moja baada ya jingine. Ilikuwa inakaa ndani ya mfumo, kwenye folda ya printa. Ilikuwa na saini ya kampuni iliyotengeneza printa, na saini imehakikiwa. Iliingia Jumamosi, wakati ule ule Dafroza alipoweka diski iliyotoka kwenye boksi. Nani kakuleta? Dafroza mwenyewe. Umefuata nini? Kuchapa.

"Jina lako baya, lakini umejibu," akasema. "Pita ukae."

Akabonyeza ruhusu. Kisha printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na kadi ya kwanza ya kwaya ikatoka ikiwa na joto lake.

"Bwana asifiwe!" Pelagia akaruka. "Mruhusu na mwenzake tumalize!"

"Tulia wewe. Na huyo ana mdomo wa kujibu."

Huyo wa pili akababaika mapema. Jina lilikuwa la mfumo, ila kwa watu wa mfumo hakuwa anakaa. Alikutwa kwenye vitu vilivyopakuliwa mtandaoni, kajificha folda ndani ya folda. Saini hana. Dafroza akamsomea Jabiri alichokiona.

"Kataa! Kataa na umfute!" Jabiri akapiga kelele. "Huyo ni ndugu yake yule wa Yasmin!"

"Najua. Katokea nyuma ya zizi."

Akamkataa, akamfuta, antivairasi ikapekua mashine nzima mpaka ikasema ni safi. Ndipo akafungua intaneti, na kabla ya jambo lolote akamtumia Jabiri sauti ya baba yake. "Itunze hiyo," akamwambia.

Lakini lilibaki swali moja. Nani kakuleta? Programu ile ilikuwa imeingia Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, Dafroza akiwa kwenye kikao cha akina mama kanisani. Na folda alimokutwa ilikuwa na jina: MPIRA BURE. Funguo za duka ziko kwa watu wawili tu. Mmoja ni yeye. Wa pili ni Boniphace, mumewe, ambaye Jumapili hiyo aliaga anakwenda kumwona ng'ombe mgonjwa wa kaka yake.

"Baba Sara," Dafroza akasema polepole.

Pelagia alikuwa na kadi zake zote mkononi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa na haraka.

Boniphace akatokea mlangoni na chupa ya chai. Akaona uso wa mkewe, akaona jina la folda kwenye kioo, akasimama pale pale. Dafroza akabofya faili la sauti.

"Wewe ni wa kwa nani?" mzee Magige akauliza, sauti imejaa duka zima.

Chupa nusura ianguke. Ilikuwa ni siku ile Boniphace alipokwenda kuposa, na Dafroza alirekodi kwa siri akiwa dirishani jikoni. Kijana wa kwenye kompyuta akajitaja kwa kigugumizi, akataja alikotokea, akataja aliyemleta. Mwanaume wa mlangoni akavua kofia.

"Na umefuata nini hapa kwangu?"

Kijana wa kwenye kompyuta akakohoa. Akakwama.

"Nimefuata Dafroza, mzee," Boniphace akajibu pale mlangoni, macho chini. "Na mpira kidogo."

Pelagia akaangua kicheko mpaka kadi zikamwagika. Dafroza naye akacheka, machozi yakimtoka, na hakujua ni ya kicheko yote au mengine ni ya baba yake.

"Haya," mzee akasema ndani ya kompyuta. "Mpeni kigoda."

Dafroza akajifuta macho, akasukuma kigoda kwa mguu mpaka mlangoni.

"Umepona kwa sababu ya mzee," akamwambia mumewe. "Ningekuwa mimi, leo ungekunywa maji nje, umesimama."