Askofu wa Nne

"Chama cha Washonaji Mifarishi cha Kolter kinawatangazia wanachama na wageni kwamba mfarishi namba kumi na saba hautatundikwa mpaka ithibitike kama majabali ya Maaskofu ni matatu au manne."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa, juu ya orodha ya watakaoleta saladi.

Verla Tolman alilisoma mara mbili. Alikuwa amekuja likizo kutoka Omaha, kama kila Juni kwa miaka thelathini na mmoja, ila safari hii hapakuwa na wa kumpokea. Dada yake Ardith alifariki Februari. Mfarishi namba kumi na saba, blanketi la viraka la maonyesho ya chama, ulikuwa wa mwisho kushonwa na wawili hao: Verla alishona anga huko Omaha akalituma kwa posta, Ardith akapanga Maaskofu, majabali yaliyo nje ya mji, kiraka kwa kiraka, kisha akaunganisha yote. Verla hakuwa na haja nyingine ila kuuona ukutani.

Kwa desturi ya Kolter, kila mfarishi huachiwa kosa moja la makusudi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu, na inaaminika kwamba hapendi kushindaniwa. Kosa hilo sharti liandikwe kwenye fomu. Ardith hakuacha neno kuhusu lake. Basi siku moja kabla ya tangazo Verla alikuwa amewahesabu Maaskofu kitambaani, akakuta wanne, akaandika: "Askofu wa nne."

"Nani kakwambia hayupo?" aliuliza mwenyekiti wa chama, Dada Geneva Stolworthy, alipomkuta mlangoni.

"Macho yangu, Dada Geneva. Tangu utotoni ni watatu."

"Umewaangalia kutoka wapi?"

"Barabarani, kama watu wote."

"Kama watalii wote. Haya, panda gari. Na kikofia hicho kivue, utawachekesha kunguru."

Waliliacha gari penye miti ya mireteni, wakafuata korongo kavu lenye mchanga mwekundu. Geneva alilisema goti lake njia nzima, kwa majina ambayo hayatumiki kanisani. Kila walipotazama juu, Maaskofu walikuwa watatu, wamesimama kama watu wanaosubiri mwingine aanze kuomba. Ndipo korongo lilipopinda.

Wa nne alikuwa nyuma yao, mfupi, mnene, ameinama kidogo kushoto. Kitambaani pia aliinama kushoto. Chini yake palikuwa na kiti cha kukunja cha bluu, kimeota kutu.

"Cha Ardith," alisema Geneva. "Kila Alhamisi alikuwa hapa. Alisema ndipo mahali pekee asipoletewa saladi."

"Hakuwahi kuniambia."

"Wewe huja Juni. Juni kuna joto."

Verla alikaa kwenye kiti kile. Kilimstahimili.

"Kwa hiyo nimeshinda, mfarishi utatundikwa," alisema hatimaye. "Wapo wanne."

"Umeshindwa, mpenzi. Kama yupo, si kosa. Sasa kosa liko wapi?"

Walirudi ukumbini, wakautandaza mfarishi, wakaukagua kwa kioo cha kukuzia kwa saa mbili. Hawakupata hata mshono uliopinda. Ardith hakuwa amekosea kitu tangu alipoolewa mwaka 1974.

Geneva akatoa kisu kidogo cha kufumulia. "Fumua kiraka kimoja, ukigeuze nje ndani, ushone. Dakika tano tu, na jioni mfarishi utakuwa ukutani."

Verla alikiweka kisu kwenye pindo la askofu wa nne. Akakiondoa.

"Huyu simgusi."

"Gusa anga, basi. Anga ni lako."

"Kaliunganisha yeye." Akamrudishia kisu, mpini mbele. "Kama haufai ulivyo, Dada Geneva, nipe niende nao."

"Siwezi. Mfarishi umeshapewa namba."

Kamati ilikutana saa kumi alasiri, ikala viazi vya jibini, ikaamua kwa kauli moja: mfarishi namba kumi na saba usitundikwe wala usirudishwe, uwekwe mezani karibu na mlango, umekunjwa ili aonekane askofu mmoja tu, suala la idadi lisizuke tena, kosa lake lihesabiwe kuwa lipo ila halijapatikana, na iundwe kamati ndogo ya watu watatu kulitafuta na kutoa taarifa Juni ijayo. Verla Tolman aliteuliwa kuwa katibu.