Kanzu ya Nane

Mchungaji aliingia kwenye chumba cha cherehani akiwa na karatasi ya vipimo. Watu wanane walikuwa wanabatizwa Jumapili, na mjane mwenye cherehani hiyo ndiye aliyekuwa akiwashonea wabatizwa kanzu nyeupe miaka yote. Mjane akaisoma karatasi mstari kwa mstari. Alipofika jina la mwisho, akaweka mkasi chini.

"Huyu?"

"Huyu," mchungaji akajibu, macho yakiwa sakafuni.

Mwenye jina hilo alikuwa fundi wa msumeno wa umeme katika kiwanda cha mbao. Miaka sita nyuma aliwasha mashine bila kuangalia, mwenzake akiwa ameinama ndani anaisafisha. Mwenzake huyo alikuwa mume wa mjane. Wakaguzi walipokuja, fundi akaapa kwamba marehemu alikuwa amelewa. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe akazikwa na jina la ulevi, na shuleni wanawe wakaitwa watoto wa chupa.

"Ametubu," mchungaji akasema. "Amenieleza yote. Mwezi sasa."

"Mwezi! Unanipa mkono mlangoni kila Jumapili, unaniuliza watoto hawajambo, na jambo hili umelikalia?"

"Alitaka kulisema mwenyewe mbele ya watu. Mama, neema ya Mungu..."

"Usiniletee neema hapa! Miaka ishirini nafagia kanisa lile. Nimefunga, nimeomba, nimezika mume, nimemeza matusi. Leo huyu anazamishwa mara moja tu, anaibuka mtakatifu?"

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Ndivyo ilivyo. Hata mimi kuna siku inanikera."

"Basi huyo Mungu wako hajui haki!" Akaikunja karatasi, akaitupa nje. Mchungaji akaenda kuiokota kwenye tope, akairudisha mezani, akaondoka.

Mama mkwe alikuwa pembeni anashona vifungo. Hakuwa ameinua kichwa muda wote.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Juzi alikuja hapa, wewe umekwenda kununua uzi. Nikamtandika kofi. Nikamwongeza la pili. Hata uso hakukinga."

"Ukamsamehe?"

"Mkono uliniuma, nikakaa. Nikamwambia akaseme kweli." Akakata uzi kwa meno. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa marehemu. Ukitaka kupima hasira, anza na yangu. Lakini wewe unachomkasirikia Mungu ni kwamba amempa mtu bure. Wewe ulipobatizwa ulikuwa binti wa miaka kumi na minne. Ulikuwa umefagia nini?"

Mjane alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sindano ikakatika.

Jumapili kanzu zilikuwa saba. Fundi wa msumeno akasimama mbele na shati lake la kazini.

"Hakuwa amelewa," akasema. "Nilikuwa na haraka, niliwasha bila kutazama. Kisha nikamsingizia, niokoe kibarua changu. Kesho nakwenda kwa wakaguzi, niandike hivyo hivyo."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Waliokuwa wakiwacheka watoto wa chupa wakatazama viatu vyao. Mchungaji akamshika mabega, akamzamisha. Alipoibuka anatweta, watu wakaanza kupiga makofi. Mjane akasimama. Makofi yakakatika.

"Mimi sijamsamehe," akasema. "Asije akajidanganya. Na Mungu naye ajue, bado nina kesi naye." Akavuta pumzi. "Ila asifukuzwe mtu hapa. Maji hayo sikuyachota mimi."

Akakaa. Mama mkwe akamshika mkono, mjane akauvuta, akautoa.

Nje, watu walimpisha mjane njia kama mtu aliyebeba moto. Binti yake mkubwa akamfuata mpaka kwenye ukuta wa kanisa. Alikuwa na miaka tisa baba alipokufa, na tangu hapo hakuwahi kumtaja nyumbani hata kwa bahati mbaya. Mama alidhani ni huzuni.

"Mama, kumbe hakulewa?"

"Wewe ulikuwa unaamini?"

Binti akainamisha kichwa. "Kila mtu alikuwa anasema."

Hasira ikamkaba mjane upya, kali kuliko ile ya asubuhi, hata akashindwa kusema ni ya nani. Akamvuta binti kifuani, akambana sana.

"Hata siku moja," akamwambia. "Baba yako, hata siku moja."