Shahidi Ndani ya Nta

Waliokuwepo katika chumba cha hadubini asubuhi ile walikuwa watatu: Daktari, ambaye ndiye msomaji wa tishu; fundi wa maabara, ambaye jengo zima lilimwita Mama Nta; na shemeji yake fundi, karani wa masjala ya sampuli, mdogo wa marehemu mumewe. Mgonjwa hakuwepo, ila kipande cha tezi ya shingo yake, chembamba kuliko ganda la kitunguu, kilikuwa chini ya lenzi.

"Slaidi ni nyeupe," alisema Daktari. "Shahidi yuko wapi?"

Mama Nta aliendelea kufuta meza iliyokwisha kutakata.

Desturi yao ilikuwa moja: rangi ya kutafuta protini haipiti peke yake. Huandamana na shahidi, yaani tishu ya zamani inayojulikana kuwa protini hiyo imejaa tele ndani yake. Shahidi akigeuka kahawia, weupe wa mgonjwa huaminika. Asipokuwepo, weupe ni kimya tu, na kimya hakisemi kama nyumbani hamna mtu au mlango haukubishwa.

"Nilipitiwa," alisema Mama Nta.

Karani alicheka. "Wewe? Kikombe chako nilichovunja mwaka juzi bado unanisalimia nacho!"

"Shemeji, nyamaza."

"Mgonjwa anaanza dawa Jumatatu," alisema Daktari. "Kama saiklini, protini tunayoitafuta, haimo, hii ni limfoma, saratani ya tezi, ya mwendo wa pole, na dawa nyepesi zitamtosha. Kama imo, dawa hizo zitamsindikiza tu kaburini. Kuagiza shahidi mwingine ni wiki tatu. Kibonge chetu cha nta chenye tishu ya shahidi kimekwisha?"

"Kimebaki mkato mmoja."

Alikitoa mfukoni mwa koti lake, si kabatini. Daktari aliisoma namba yake, haikumwambia kitu. Karani aliisoma, kicheko kikamkauka mdomoni. Ndiye aliyeiandika daftarini, miaka kumi na moja iliyopita.

"Ni kaka," alisema.

Miaka kumi na moja Mama Nta alikuwa akimkata mumewe, utando kwa utando. Alijua vyema yaliyotokea mle. Katika seli yenye afya, saiklini hupanda kuiruhusu seli ijigawe, kisha hushuka. Katika seli za mumewe, kromosomu mbili zilikatika zikaungana ndivyo sivyo, jeni ikahamia mahali pasipolala, na amri ikawa haikomi: gawanyika, gawanyika. Mwenyewe alizikwa, amri iliendelea kukolea kahawia chini ya kioo, kana kwamba hakuna aliyeipelekea habari za msiba. Mara nyingine, akizima taa ya hadubini, aliona haya, kama aliyemzimia mtu taa angali anasoma.

"Shemeji," karani alisema taratibu, "kaka hayumo humo. Aliyemo ni aliyemuua."

"Pembeni kuna mshipa mdogo wa damu. Mzima. Ule ni wake."

Daktari alivua miwani. "Ningejua, nisingekuacha ukate hata mara moja."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Hapo Mama Nta akakumbuka jambo ambalo Daktari, mgeni wa miaka mitano tu hapo, hakulijua. Mumewe naye alisomwa bila shahidi. Maabara haikuwa naye wakati ule. Jibu lilikuja jeupe, akala dawa nyepesi miezi saba, na yeye na mumewe wakashukuru, wasijue kuwa rangi ndiyo iliyoshindwa.

"Mgonjwa ana mke?" aliuliza.

"Yupo nje, kwenye benchi," alijibu karani. "Ameniuliza kama weupe ni habari njema."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia asubiri."

Mama Nta aliiendea mashine ya kukatia, akafunga wembe mpya, akakaza kibonge mahali pake. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko uso. Akawageukia.

"Nakata sasa," alisema. "Wote, pamoja na mshipa. Rangi ikikolea, msiniite. Andikeni jibu la mgonjwa."