Vitundu Vitatu Begani

Mdogo wangu tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu anapenda kiti cha mbele kuliko chakula. Alipoingia dukani kwangu na fomu ya jeshi la majini, akasema jina la babu litachongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu pamoja na mabaharia wengine waliokufa vitani, nilimuuliza kwanza yeye atakaa mstari wa ngapi.

"Wa kwanza," alinijibu bila haya. "Lakini inatakiwa sahihi ya mtoto wa marehemu, na mama amekataa. Ongea naye, dada."

Masikio yalikuwa yamemsimama kwa hamu. Ana masikio makubwa, kayarithi kwa huyo huyo babu. Kwenye picha ya harusi ya bibi, unayaona masikio kabla hujamwona bwana harusi.

"Sahihi ya nini?" nilimwambia. "Kwani babu alikufa?"

Kwetu swali hilo limenizidi umri. Babu alikuwa mchochea makaa kwenye manowari, na mama alikuwa na miaka saba barua ilipokuja: mumeo amekufa kwa homa ya mapafu, amezikwa baharini. Bibi akalia, akavaa ujane. Miezi minne baadaye gazeti likatoa picha ya mabaharia wa meli ile ile, iliyopigwa wiki hiyo hiyo. Katikati yao alisimama mtu aliyevaa sweta la babu.

Bibi alikuwa mfumaji. Yeye ndiye aliyemfundisha mama, na mama akanifundisha mimi, ndiyo maana mpaka leo nakula kwa masweta ya shule. Kila alichofuma alikiachia alama chini ya bega la kushoto, vitundu vitatu vilivyokaa kama mafiga. Sweta la meli alifuma moja tu maishani. Uso wa yule mtu gazetini ulifunikwa na kivuli cha kofia, lakini bibi hakuhitaji uso. Mwezi huo huo ikaja bahasha ya hela yenye mhuri wa meli, bila barua. Bibi akajumlisha mwenyewe: mume yu hai, kapata mwingine, na hizi ni kifuta machozi. Bahasha akaifungia kwenye kopo la biskuti pamoja na kile kipande cha gazeti, asiguse hata noti moja. Mama akatolewa shule mwaka ule kwa kukosa ada.

Sasa mama anakaribia tisini, pumzi zake za kuhesabu, na bado anasema hatii sahihi kwa mwanamume aliyewakimbia. Mimi nilikuwa upande wake. Siku iliyofuata nilifunga duka nikaenda ofisi ya nyaraka za jeshi. Sikwenda kumtafuta babu, nilikwenda kumkamata. Nilitaka mama afe akijua hakumchukia mtu bure.

Mtunza nyaraka alikuwa mwanamke mwembamba mwenye glavu nyeupe, mpole kupita kiasi. Alinivutia kiti, akaniuliza kama feni inanisumbua. Mtu mpole namna hiyo ofisini ujue ana kitu anakificha, kwa hiyo nilikaa nikiwa na mkoba wangu mapajani. Akaniletea jalada la babu. Jina lake, namba yake, urefu wake, "masikio makubwa" kwenye sehemu ya alama za mwili. Halafu tarehe ya kifo, ugonjwa, na maneno yale yale: amezikwa baharini.

"Kaburi zuri," nilisema. "Hakuna wa kulifukua."

"Mama yangu, una wasiwasi na nini?"

"Na wino. Mbona huu wa kifo umekolea kuliko mwingine?"

Hakukasirika. Aliniletea na majalada ya wengine waliokufa mwezi ule, wote wino mmoja. Hilo nalo lilinitia shaka: karani gani anaandika vifo vyote kwa mkupuo? Nikatoa kile kipande cha gazeti nilichokichukua kwenye kopo la bibi, nikakiweka mezani, nikagonga kidole kwenye bega.

"Haya. Marehemu wenu huyu hapa, miezi minne baada ya mazishi."

Alikitazama kwa muda mrefu. Akainuka, akaingia chumba cha nyuma, na nikajua ndiyo imetoka hiyo, amekwenda kumwita mkubwa wake. Alirudi peke yake na picha ngumu yenye upana wa sinia.

"Magazeti huwa yanakata picha yapate nafasi," alisema. "Hii ndiyo nzima."

Gazeti lilimkata yule mtu kifuani. Hapa alikuwa mzima, kutoka kofia hadi viatu, na mkononi ana upawa. Vitundu vitatu vilikuwepo, wazi kabisa. Mtunza nyaraka alinipa kioo cha kukuzia nimtazame uso, lakini mimi si mtu wa nyuso. Niliangalia mikono ya sweta. Ilikuwa imekunjwa, kunjo la kwanza na la pili, na pindo la chini lilimfika karibu na magoti. Mtu mfupi ndani ya sweta la mtu mrefu.

Bibi yangu alikuwa anampima mtu kwa macho tu, na sweta linamkaa kama ngozi. Asingemfumia mumewe sweta la kukunja.

Hasira zikanipanda, maana hasira kwangu haziko mbali. "Kumbe mwizi! Mmemzika mtu mkamvua nguo? Mpishi gani huyu anayevaa sweta la maiti?"

"Hakuiba," alisema mtunza nyaraka. "Alinunua."

Akafungua daftari lingine. Akanieleza kwamba zamani baharia akifa melini, wenzake walikusanyika sitahani kwenye mlingoti, vitu vyake vikanadiwa, na hela yote ikapelekwa kwa mjane. Walipandisha bei makusudi. Mtu ananunua kisu kwa bei ya ng'ombe, halafu anakirudisha kinadiwe tena.

"Soma hapa," alisema.

Nilisoma. Sweta moja la kufumwa kwa mkono, amenunua mchochea makaa, amerudisha. Sweta hilo hilo, amenunua fundi mitambo, amerudisha. Liliuzwa mara sita. Mara ya sita alilinunua mpishi, na baada ya jina lake hakuna neno amerudisha. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: hela zimetumwa kwa mke wa marehemu.

Nililia pale pale, na glavu zake nyeupe zikaniletea maji. Wanaume wasiotujua walikuwa wamemsomesha mama yangu, na sisi tukaifungia shule yake kwenye kopo la biskuti. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilikuwa nalitumia neno hilo kwa ajili ya watu wengine.

Nilirudi na nakala ya picha na ya daftari. Mama alikuwa kitandani amekaa, na Mheshimiwa pembeni anajifanya hana haraka.

"Huyu kakuhonga shilingi ngapi?" mama aliniuliza kabla sijafungua mkoba.

"Tazama kwanza, mama."

Aliipokea picha, akaisogeza karibu na dirisha. Naye alianzia begani. Kidole chake kikahesabu vitundu, moja, mbili, tatu, kikateremka mkononi, kikasimama kwenye mikunjo.

"Mama hakuwahi kukosea kipimo," alisema.

"Ndiyo, mama."

Nikamsomea daftari lote, kila aliyenunua na kila aliyerudisha. Nilipomaliza sikutegemea afurahi, maana bibi alikufa akimlaani babu na hakuna njia ya kumpelekea habari. Lakini mama hakumtaja bibi. Alinyoosha mkono akalishika sikio la Mheshimiwa, akalivuta taratibu kama anapima kitambaa.

"Siku gazeti lilipokuja mimi ndiye nililiona kwanza," alisema. "Nilimwambia, mama, huyu si baba, hana masikio. Akanizaba kofi. Akaniambia, usiangalie uso, angalia sweta."

Mheshimiwa alimwachia sikio lake.

"Nikaangalia sweta," mama alisema. "Lete hiyo kalamu."